Kona ya nyumba ya zamani inazama: mkanda wa zege utasaidia?

ukuta_wa_mawe:
Wakuu, nyumba ni ya zamani, haina ghorofa, kuta za mawe na chokaa. Kona ya nyuma imeshuka. Ufa unapanda kwa ngazi kufuata viungo, unapitia kona ya dirisha hadi juu ya ukuta: juu una mm 8, chini mm 2. Mlango wa nyuma unakwama. Fundi anataka achimbe ubavuni mwa msingi na kumwaga mkanda wa zege wa sm 30 kuuzunguka. Itasaidia, au nitazika saruji bure?

Timazi:
Utaizika bure. Mkanda ulioegeshwa ubavuni haubebi ukuta. Ukuta unabaki umekalia udongo uleule, na mkanda nao unaongeza mzigo juu yake. Ufa mpana juu na mwembamba chini maana yake kona inashuka huku ikiinamia nje. Cha kutafuta ni kilicholegeza udongo, na mara nyingi ni maji.

Funga koki zote, soma mita, acha saa nzima bila mtu kutumia maji, soma tena. Ikitembea, kuna bomba linavuja. Maji machafu hayapiti kwenye mita, kwa hiyo ziba tundu la kutokea la chemba, ijaze, weka alama ya kina na uangalie baada ya nusu saa.

Kisha chimba shimo la upana wa sm 60 kando ya ukuta mpaka uone kitako cha msingi, usipite chini yake hata kidogo. Ili kujua tabaka za chini zaidi, chimba shimo jingine mita 1.5 kutoka ukutani.

Na pigilia msumari kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita) kila mwezi, andika tarehe. Ufa unaofunguka kiangazi na kujibana wakati wa mvua ni wa udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Unaofunguka mvua zikinyesha, udongo unalainika au unaoshwa.

ukuta_wa_mawe:
Nimechimba. Kitako kiko sm 45 tu. Chini yake ni udongo mweusi unaonata, changarawe ngumu inaanza mita 1.1. Chemba ya bafu, mita 2 kutoka kwenye kona, imepasuka: maji yote yameisha ndani ya dakika kumi. Kuna mti mkubwa pia, mita 4. Niukate?

KokotoTatu:
Mti uache kwanza. Udongo mweusi uliokuwa ukinyonywa na mizizi ukirudishiwa maji unavimba, na nyumba iliyokuwa ikishuka inaanza kuinuliwa. Punguza matawi tu.

Tengeneza chemba leo. Usishtuke ufa ukicheza kidogo baadaye, udongo unakauka. Ukitulia wenyewe kwa msimu mzima wa mvua na wa kiangazi, huenda usihitaji kuchimba kabisa, na hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Ukuta ukiendelea kushuka, msingi ushushwe hadi kwenye changarawe kwa kuchimba chini yake vipande vya urefu wa mita 1. Mawe yakianza kudondoka kutoka kwenye kitako, punguza hadi sm 70. Kwa ukuta wa vipande sita, fuata mpangilio huu: 1, 4, 2, 5, 3, 6, kimoja kimoja. Ukifungua viwili vilivyo jirani, ukuta unaning'inia. Kipande cha kona kiwe kifupi, na upande wa pili wa kona usiwe wazi siku hiyo.

Chimba hadi mita 1.2 ili uingie sm 10 ndani ya changarawe, upana sm 60. Kingo zishikiliwe kwa mbao na udongo uliotolewa ukae mita 1 kutoka ukingoni. Kwangua kitako cha zamani kibaki jiwe safi. Kwenye kingo mbili za kipande pigilia nondo za mm 12 zitakazoshika zege ya jirani. Mwaga zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lakini usiifikishe kwenye kitako: acha nafasi ya sm 7. Kipande kimoja kinakula takribani mita za ujazo 0.4, yaani mifuko 3 ya kilo 50, toroli 3 za mchanga na 6 za kokoto.

Hiyo sm 7 ndiyo mafundi wengi wanaiharibu. Wanajaza zege hadi juu, inasinyaa ikikauka, inabaki nafasi nyembamba isiyoonekana na ukuta unashuka tena kuitafuta. Subiri siku mbili, kisha shindilia mchanganyiko mkavu wa saruji 1 kwa mchanga mkali 3. Ukiufinya ushikane bila kulowesha kiganja. Pigilia kwa kipande cha mbao na nyundo, tabaka kwa tabaka, kuanzia ndani. Siku mbili nyingine ndipo ufungue kipande kinachofuata.

Fundi_Chokaa:
Naongeza mawili. Usiishie ghafla pale ufa unapokoma. Upande mmoja ukikalia changarawe na mwingine udongo mweusi, ufa mpya utatokea kwenye mpaka. Vipande vya mwisho vipungue kina kwa ngazi, na kina cha kila ngazi akipange mhandisi aliyeyaona mashimo yako.

Ufa wenyewe uzibwe mwisho kabisa, misumari ikiwa imetulia. Kwangua viungo kina cha sm 4, laza fito za chuma kisichoshika kutu za mm 6, zipite sm 50 kila upande wa ufa, kila baada ya sm 40 kwenda juu. Fito zishikwe kwa grauti yake (uji mzito wa kujazia), lakini uso wa kiungo uzibwe kwa chokaa 1 na mchanga 3. Saruji kali kwenye mawe ya namna hiyo inafungia unyevu ndani, na kinachomeguka ni jiwe, si kiungo.

ukuta_wa_mawe:
Chemba inatengenezwa kesho, misumari minne imeshaingia. Sururu inasubiri.