Je, Wasofisti walistahili jina baya walilopewa?

Mleta mada
Wasofisti walikuwa walimu wa Ugiriki ya kale waliofundisha ufasaha wa kusema na kujenga hoja. Neno la Kigiriki "sophistes" hapo mwanzo lilikuwa la heshima, likimaanisha mtu mwenye hekima, na mwanahistoria Herodotus alimhesabu Solon, mtunga sheria wa Athens, miongoni mwa watu hao bila kukusudia tusi. Leo ukimwita mtu msofisti, umemwambia kwamba anapindisha maneno. Ninaamini mwanafalsafa Plato ndiye aliyeliharibu jina hilo, kwa sababu Protagoras, msofisti maarufu, tunamjua zaidi kupitia kalamu ya Plato, ilhali maandishi yake mwenyewe yamebaki vipande vichache. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa maneno ya mpinzani wake?

Mchangiaji wa kwanza
Lawama hiyo haikuanza na Plato. Mwaka 423 KK, Plato akiwa bado mtoto mdogo, Aristophanes, mwandishi wa michezo ya kuchekesha, alikwisha kuonyesha jukwaani elimu inayoifanya hoja dhaifu ishinde hoja yenye nguvu. Tena Wasofisti waliifundisha kwa malipo. Mwalimu anayewauzia maneno vijana wa matajiri ni mchuuzi tu.

Mchangiaji wa pili
Ndugu yangu, mimi nimefundisha miaka kumi na minane kwa mshahara, na neno hilo "mchuuzi" siwezi kulipita kimya. Plato huyo huyo anaeleza kwamba mwanafunzi asiyekubali ada ya Protagoras aliruhusiwa kwenda hekaluni, akaapa mafunzo yale yana thamani gani kwake, kisha akalipa kiasi hicho. Plato alizaliwa katika ukoo wenye mali. Protagoras wa Abdera alikuwa mgeni Athens, na ujuzi wake ndio uliomlisha.

Mchangiaji wa kwanza
Kama neno langu limekuumiza, Mwalimu, ninaliondoa. Hata hivyo, katika kitabu cha Plato kiitwacho "Meno", Socrates, mwalimu wa Plato, anasema Protagoras alichuma fedha nyingi kuliko Pheidias pamoja na wachongaji wengine kumi. Katika mahakama za Athens kila mtu alijisemea mwenyewe mbele ya mamia ya waamuzi, kwa hiyo asiyeweza kulipia ufasaha aliingia humo mikono mitupu.

Mchangiaji wa pili
Hapo ninakubali kwamba maskini aliumia, ila lawama hiyo ni ya ada, si ya elimu yenyewe. Socrates hakutoza chochote, lakini katika mchezo ule ule wa mwaka 423 KK Aristophanes alimfanya yeye kuwa mkuu wa shule ya maneno, na sifa hiyo ilimfuata hadi mahakamani mwaka 399 KK, alipohukumiwa kifo.