Gego la mwisho laniua, na Ijumaa nina shughuli

dau_la_tanga: Jameni, nisaidieni. Niko Shela, miaka 24. Gego la mwisho chini kushoto lachomoza kiupande tangu Jumapili, ufizi umelifunika nusu, chakula chanasa mle. Usiku silali. Nitumie nini litulie mpaka wiki ijayo?

bi_langoni: Pole mwanangu. Sukutua na mai ya munyu yenye vuguvugu kila ukila. Mimi ino langu lilitoka nina mimba ya pili, bwana yuko baharini. Nyanya akanitilia mafuta ya karafuu, nikapiga ukelele mtaa mzima wakatoka.

mtu_wa_bara: Munyu ndiyo nini?

bi_langoni: Chumvi, baba.

chumba_cha_meno: Mdomo wafunguka? Vidole vitatu vyaingia? Homa je?

dau_la_tanga: Nimeweka aspirini juu ya ufizi. Pia kaka alibakisha amoksilini, nimemeza mbili.

chumba_cha_meno: Aspirini ufizini huchoma nyama. Na dawa ya mabaki si dozi. Hujajibu: vidole vingapi?

punda_mzee: Acha miraa kwanza.

dau_la_tanga: Kimoja. Na tangu jana hata mate kuyameza ni taabu. Lakini Ijumaa ni nikaha yangu! Niingie na shavu kama boga? Nimeshaamua, vidonge mpaka Jumamosi.

chumba_cha_meno: Shavu litafura hata usipong'oa. Usaha wa gego la chini hushuka shingoni, ukabana njia ya hewa. Nenda hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, leo hii. Huenda wasiling'oe leo, wasafishe ufizi na kukupa dawa kwanza.

mpiga_zumari: Ngojeni. Si huyu aliyeomba ushauri wa talaka hapa juzi juzi? Leo bwana harusi? Na mtu asiyefungua mdomo ataitikiaje nikaha?

dau_la_tanga: Ile ilikuwa ya kaka yangu!

mpiga_zumari: Kaka wa amoksilini? Ana kazi huyo kaka.

punda_mzee: 😂😂 Hadithi, hadithi...

bi_langoni: Bibi harusi ni wa nyumba gani? Mbona sijaalikwa?

mtu_wa_bara: Mimi langu nililing'oa, nikavuta sigara jioni ileile. Damu iliyoganda ikatoka, shimo likabaki wazi. Siku tano nalia.

chumba_cha_meno: Dau, uko wapi?

dau_la_tanga: Gatini. Nahodha asema mpaka abiria wajae.

chumba_cha_meno: Lipa viti vilivyobaki.