Tupeane uzoefu: bafu dogo, bajeti ndogo, mandhari moja

Wakuu, habari zenu. Nawaita wenye mabafu madogo, yale ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kama uliwahi kulipatia lako mandhari moja bila kuvunja vigae, tuambie ulianzia wapi na hela ilienda kwenye nini.

Naanza mimi. Langu nimelivika bahari, na chanzo ni pazia la kuogea la bluu nzito lenye michirizi myeupe ambalo nilikuwa nalo tayari. Rangi zote nimezitoa humo: bluu, nyeupe, na rangi ya mchanga kwenye taulo na kikapu. Basi. Sikubandika makombe wala picha za samaki, maana bafu dogo likijazwa mapambo linazidi kubana. Kilicholibadilisha hasa ni bomba la pazia. Lilifungwa juu kidogo tu ya kichwa. Nikalipandisha hadi karibu na dari, na pazia nikaliongezea kwa juu kipande cha kitambaa cheupe ili lifike chini. Jicho linalifuata pazia, na dari inaonekana imeinuka.

*

Mkuu umeanza vizuri, ila kabla ya kununua chochote tazameni grauti. Mistari kati ya vigae ikiwa imeshika weusi, hakuna pambo litakaloiokoa. Yangu niliisugua kwa sabuni ya unga na mswaki mkuukuu. Siki niliiacha makusudi, asidi yake inakula grauti ya saruji. Na nawaomba sana, siki na jiki visikutane kamwe: vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na chumba chenyewe ni kidogo.

Ilipokauka nikaipaka rangi maalumu ya grauti, kijivu kilichokolea, kwa brashi nyembamba, huku nafuta inayoingia kwenye kigae kabla haijashika. Vigae ni vile vile vyeupe vya mstatili, lakini sasa vinanikumbusha stesheni za treni za chini ya ardhi za New York zilizofunguliwa mwaka 1904. Mandhari ikapatikana hapo hapo. Nikamalizia kwa rangi nyeusi ya kupuliza kwenye kitundikio cha taulo na fremu ya kioo.

*

Mimi nilitaka kijani cha msituni, na bafu langu halina dirisha. Kangaga hupenda unyevu, lakini mvuke haulishi mmea, mwanga ndio unaolisha. Kwa hiyo nina vyungu viwili vinavyopokezana: kimoja bafuni, kingine sebuleni dirishani, baada ya siku chache nabadilisha. Taa nayo tusiidharau. Iliyokuwepo ilikuwa ya Kelvin 6500 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga), nyeupe ya baridi, na ukuta wa kijani ulionekana umepauka. Nilipoweka ya Kelvin 3000, yenye mwanga wa joto, ukapata uhai. Balbu moja tu!

*

Dada wa kijani, hongera. Nyongeza kwa wanaopaka ukuta: fundi mmoja alinipakia rangi juu ya ukungu, na haikuchukua muda ikababuka vipande vipande. Ukungu uuliwe kwanza, ukuta ukauke, ukwanguliwe, upigwe praima (rangi ya msingi ya kushikisha), ndipo ije rangi ya vyumba vyenye unyevu. Ukipaka vigae, vipigwe msasa hadi mng'ao upotee, kisha praima inayoshika kwenye vigae. Sakafuni pale maji yanapotuama mimi nisingepaka kabisa. Silikoni (ule utomvu wa kuzibia maungio) ya zamani pembeni ya sinki itolewe yote, mpya haishiki juu yake. Na ukishaiweka, acha saa 24 bila maji.

*

Wakuu, na sisi wapangaji tusioruhusiwa kugusa rangi? Stika za vigae zinadumu?

*

Zinadumu, ndugu, ila inategemea mahali. Nyuma ya sinki zangu zimekaa vizuri. Pale maji ya bomba la mvua yanapopiga moja kwa moja kingo zinafunguka. Futa kigae kwa spiriti kwanza, mafuta ya sabuni ndiyo yanayozikataa. Bandika ukianzia katikati kwenda pembeni, ukisukuma hewa kwa kadi ngumu. Siku ya kuhama, zipulizie joto kwa draya ya nywele, uvute taratibu kutoka pembeni. Gundi itakayobaki inatoka kwa mafuta ya kupikia na kitambaa.