Tupeane uzoefu: Mlianza kwa kuigiza mapenzi chuoni, iliishaje?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi tumelifanya au tumeliona chumba cha jirani hosteli: watu wawili wanakubaliana wajifanye wapenzi. Siyo utani wa siku moja. Naongelea ile ya kukaa pamoja darasani, kuwekana stetasi, kuitana majina matamu mbele za watu, halafu mkiachana kwenye kona kila mtu na maisha yake. Sababu huwa zilezile: kumfukuza msumbufu, kumrusha roho mpenzi wa zamani, au kuwanyamazisha ndugu wanaouliza kila likizo "mwenzio yuko wapi?" Na mimi ninaye wangu, habari zake nitawaeleza baadaye. Ninachotaka kujua ni nani aliacha kuigiza kwanza, na mwenzie alijuaje. Karibuni.

Binti wa Takwimu
Kwangu chanzo kilikuwa msumbufu. Mwaka wa pili kulikuwa na kaka wa kozi nyingine, kila nikitoka maktaba yupo mlangoni. Nilimwambia sitaki kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwandikia, wapi. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba "sitaki" yangu haikuwa na uzito wowote, ila nilipojaribu "nina mtu" akarudi nyuma hatua mbili. Yaani alimheshimu mwanaume asiyekuwepo kuliko mimi niliyesimama mbele yake!

Basi nikamwomba mwenzangu wa kundi la diskasheni, mpole mmoja hivi wa miwani, awe huyo mtu. Akauliza tu, "Mpaka lini?" Nikamwambia mpaka muhula uishe.

Tukawekeana masharti. Kushikana mikono ruksa, ila mbele za watu. Simu za usiku marufuku. Kuulizana "ulikuwa na nani" marufuku kabisa. Mmoja akipata mpenzi wa kweli aseme, tuachane hadharani bila kelele. Tukajiona wajanja.

Mtihani ukaja kutoka kwa marafiki zangu. Ukiwaambia una mpenzi hawaishii hapo, wanahoji kama wapelelezi. Mlikutana vipi? Kwao wako wangapi? Mkigombana nani anaomba msamaha? Ikabidi tukae chini tutunge hadithi moja, na ili uongo wetu ufanane ikabidi kila mmoja aujue ukweli wa mwenzie. Nikajua anaogopa giza tangu utotoni. Akajua kwa nini sipokei simu za baba. Hata niliyekuwa nalala naye chumba kimoja hakuyajua hayo. Msumbufu alishakata tamaa zamani, sisi tukaendelea "kwa usalama". Usalama gani tena?

Nani aliacha kuigiza kwanza sijui hadi leo, ila najua siku iliyotufichua. Alichelewa diskasheni, na kabla sijaushika ulimi nikauliza, "Ulikuwa na nani?" Angeweza kunikumbusha masharti. Badala yake akajibu kila kitu: alikuwa na nani, wameongea nini, mpaka aliyekaa upande wake wa kulia. Wenzetu wakawa wanatutazama sisi wawili tunavyoona haya. Ni mume wangu sasa, na giza bado analiogopa.

Mzee wa Kiti cha Nyuma
Dada, mumeo ana bahati. Wengine tuliigiza, tukaachwa kweli.

Mleta mada
Usitukatie utamu mkuu, shusha yote.

Mzee wa Kiti cha Nyuma
Binti mmoja alitaka kumrusha roho mpenzi wake wa zamani, akaniomba mimi. Nilikuwa namzimikia tangu wiki ya kwanza chuoni, kwa hiyo aliyekuwa anaigiza ni yeye peke yake. Mpango ukafanikiwa vizuri mno: jamaa akaumia, akarudi, wakapatana. Mimi nikatumiwa ujumbe wa shukrani ulioandikwa kwa ufasaha, kama anaandikia msimamizi wa utafiti wake. Ila kuna faida moja: darasa zima lilijua nimeachwa, likanipa pole. Na hizo pole nilizihitaji.

Msoma Saikolojia
Kilichompata dada hapo juu kina maelezo. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha utafiti ambao watu wasiojuana walikaa wawili wawili wakaulizana maswali 36, yanaanza mepesi kisha yanazidi kuingia ndani. Waliofanya hivyo walijisikia karibu zaidi kuliko waliopiga soga za kawaida. Na mwanasaikolojia mwingine, Robert Zajonc, alishaonyesha mwaka 1968 kwamba kitu tukikiona mara kwa mara huwa tunaanza kukipenda. Sasa chukua watu wawili, waonane kila siku, wahojiane siri ili hadithi zifanane. Hapo uigizaji unabaki jina tu.

Kimya Kingi
Kaka, tumeombwa uzoefu, wewe umeleta mhadhara.

Msoma Saikolojia
Uzoefu wangu: tulijaribu maswali hayo na binti niliyempenda. Tukawa marafiki wakubwa. Nilisimamia sherehe ya harusi yake.

Kimya Kingi
Pole, nimecheka. Sasa niseme la upande wangu. Mimi nilimpeleka rafiki nyumbani kama mchumba ili nipumzike maswali. Kati yetu hakikuota chochote, tuliagana vizuri tu. Aliyezama ni mama. Alimpenda yule kijana, wakawa wanapigiana simu bila mimi, na nilipotangaza tumeachana alinuna wiki nzima kama aliyeachwa ni yeye. Kwenye masharti yenu mnakumbuka ya mikono na simu za usiku, watazamaji mnawasahau.

Na mabinti mnaosoma hapa: mpenzi wa kuigiza anamzuia msumbufu mwenye aibu. Akiwa anakufuata mpaka chumbani au anakutishia, au akiwa ni mhadhiri mwenye alama zako mkononi, usiishie kutafuta kijana wa miwani. Tunza jumbe zake, mwambie mtu mzima unayemwamini, fikisha kwa wahusika kwa maandishi.

Binti wa Takwimu
Hilo naliunga mkono. Mleta mada, zamu yako, tumesubiri.

Mleta mada
Haya. Tulianza mwaka wa mwisho, eti tusisumbuliwe tumalize utafiti. Chuo tumemaliza, waliokuwa wanatusumbua wameoa na kuolewa, sisi bado tunaitana mpenzi, hata tukiwa wawili tu. Hakuna aliyewahi kusema mchezo umekwisha. Hakuna pia aliyewahi kusema umeanza wa kweli. Naogopa nikiuliza nitaambiwa "kwani ulidhani?"

Binti wa Takwimu
Muulize jana alikuwa na nani.

Mleta mada
Nimemtumia. Amejibu: "Wewe nani wa kuniuliza?" na kikaragosi cha kucheka. Wakuu, hii tunaisomaje?

Mzee wa Kiti cha Nyuma
Mkuu, ngoja nisogee kidogo. Huku nyuma nafasi ipo.