Tupeane uzoefu: nafaka kuota ukungu huku kusini, wewe ilikukuta vipi?

Mkulima wa Masasi
Wakuu, salaam. Leo asubuhi nimefungua gunia la mahindi ili mama watoto apeleke mashineni. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, huko katikati kuna joto kama chini ya kuku anayeatamia. Kunusa kiganja, harufu ya ukungu. Punje kadhaa zina ukijani kwenye kiini. Ninayo magunia sita, nimepukuchua wiki tatu zilizopita. Nimemkumbuka marehemu baba, mwaka aliomwaga mtama wote nyuma ya nyumba, akakaa siku mbili bila kusema na mtu. Mlionitangulia njiani, mlifanyaje?

Mama Wawili, Newala
Pole kaka. Sisi wa huku juu ukungu wa angani tunaishi nao. Mwezi wa sita unaanika saa mbili, jua lenyewe linatoka saa tano, saa kumi ubaridi umesharudi. Ukiyaacha uani usiku, asubuhi yameloa kama yameoshwa. Mimi turubai nalikunja saa tisa, hata kama jua bado linawaka.

Kijana wa Ruangwa
Nunua mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, funga, habari imeisha.

Baba Bata
Haijaisha mdogo wangu. Kaa nikusimulie.

Mei 2024, wiki ya kimbunga Hidaya. Mahindi nimeshayavunja, yamelundikwa sebuleni. Mvua haikatiki, barabara ya kwenda Dar imekatika, tunalala na mahindi na mahindi yanalala na sisi. Jua lilipotoka niliyaanika siku tatu tu kwa sababu nilikuwa na hofu mvua itarudi. Nikapima kwa jino, punje ikalia "ka!", nikaridhika. Nikajaza mifuko mitano ya kinga njaa. Nikafunga wa ndani, nikafunga wa pili, nikafunga wa nje kwa kamba, nikalala usingizi wa tajiri.

Septemba nikafungua. Ilinipiga harufu ya togwa lililochacha. Punje zimeshikana donge, nikavunja donge, likapanda vumbi la kijani mpaka puani. Mfuko ule unazuia hewa, na ndiyo maana wadudu wanakufa humo. Lakini maji uliyoyafungia ndani hayana pa kutokea. Jino langu lilisikia ganda tu, ndani yalikuwa mabichi.

Sikuwa na moyo wa kutupa mifuko mitano. Tukakaa mimi na mke wangu tukachambua siku mbili, mazuri huku, mabaya huku. Mabaya nikawapa bata. Nilikuwa nao kumi na wanne.

Siku ya nne wakaanza kuyumba. Mmoja akawa anapindisha shingo nyuma, kichwa kinagusa mgongo, miguu inapiga hewa. Nilimshika mikononi mpaka akatulia. Wiki ilipoisha wamebaki wawili. Mtaalamu wa mifugo akampasua mmoja mbele yangu, akanionyesha ini: limevimba, limepauka kama limechemshwa. Akaniuliza, "Umewalisha nini?" Nikamwonyesha. Akaniuliza tena, "Na nyinyi mnakula nini?"

Wakuu, wakati huo mwanangu wa mwisho alikuwa ndani anakula ugali wa yale "mazuri". Nilikimbia nikamnyang'anya sahani. Alilia sana, hajui kosa lake. Mifuko yote mitano nikaichimbia shimo.

Kijana wa Ruangwa
Daah. Shikamoo mzee. Nimefuta kauli yangu.

Mwera Halisi
Wale bata waliokufa mliwala?

Baba Bata
Niliwafukia. Usiku kuna watu walikuja kufukua wawili. Mpaka leo nikiwakumbuka roho inaniuma.

Mwera Halisi
Mimi nasema haya ya sumukuvu, eti sumu ya ukungu, yamekuja na semina. Babu zetu walikula mahindi ya darini miaka yote, wakafika miaka tisini.

Dada wa Zahanati
Kaka Mwera, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa, watoto wakiwemo. Macho ya njano, matumbo yamejaa maji. Kenya 2004 walikufa zaidi ya mia moja. Hiyo nayo ni semina? Na wasiokufa haraka, sumu ile inalila ini taratibu kwa miaka.

Mwera Halisi
Hao ni bara. Nazungumzia huku kwetu.

Mama Wawili, Newala
Na mahindi ya babu yalikaa wapi? Juu ya jiko, moshi na joto usiku kucha, tena na maganda yake. Yalikuwa makavu kuliko ya kwako uliyoyatupa sakafuni. Usimsingizie babu.

Mtama Mweupe, Nanyumbu
Mimi mnisaidie la fugwe, ugonjwa wa mtama. Suke linatoka, badala ya punje kuna vifuko vya unga mweusi. Utotoni tulivipasua tukajipaka usoni, tukawatisha wadogo zetu. Kumbe tulikuwa tunausambaza wenyewe. Marehemu mzee alikuwa akichanganya mbegu na salfa ya mikorosho kabla ya kupanda. Alikuwa sahihi?

Korosho Daraja la Kwanza
Salfa ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, iache huko huko.

Bwana Shamba Mstaafu
Mzee wake alijua alichofanya. Fugwe hilo linasafiri juu ya ganda la mbegu, na salfa iliwahi kutumika hivyo. Siku hizi kuna dawa za mbegu zilizo bora zaidi, uliza duka la pembejeo. Ila masuke meusi yang'oe mapema uyachome, usiyapure pamoja na mazima, maana unga wake ndio unaopaka mbegu za mwakani.

Mtama Mweupe, Nanyumbu
Asante sana mzee wangu.

Dada wa Zahanati
Lakini mbegu ya kupanda TU. Nimeshapokea mama aliyechanganya salfa na mahindi ya kula ili "yasioze". Jamani!

Pwani Lindi
Sisi yaliyoharibika tunawauzia wapika pombe. Yakichemka si yanakufa?

Bwana Shamba Mstaafu
Hapana mwanangu. Kuvu wenyewe wanakufa, sumu waliyoiacha inabaki. Hata ugali ukiuivisha vipi inabaki. Kuchambua na kukoboa kunapunguza kwa sababu sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini, halafu hizo pumba ndizo mnazowapa kuku.

Mwanzisha mada, usiniletee habari ya jino. Tafuta chupa ya soda ya kioo, ikauke kabisa. Chumvi ianike juani mpaka iwe inatiririka. Tia mahindi robo ya chupa, tia vijiko viwili vya chumvi, funika, tikisa dakika tatu, iweke dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado mabichi. Ikianguka yote chini, unaweza kufunga. Chukua punje za katikati ya gunia, juu patakudanganya.

Mwera Halisi
Hiyo ya chupa nitaijaribu. Sijasema nimekubali mengine.

Mkulima wa Masasi
Nimerudi wakuu. Chupa sita, kila gunia lake. Manne chumvi imeganda kwenye kioo kama ukoko. La tano imeshika kidogo. La sita imeanguka yote, hilo lilikuwa juu ya chaga, mengine nilikuwa nimeyaegemeza ukutani juu ya sakafu. Lile lenye ukijani nimelitenga, kesho alfajiri nachimba shimo. Mengine turubai lipo tayari, tutachambua punje kwa punje. Baba Bata, bata wangu nimewafungia bandani mpaka nimalize.