Tupeane uzoefu: programu huria za kupangia posti kwenye seva yako mwenyewe

Mleta mada
Wakuu, nimechoka kulipa dola kila mwezi ili posti za duka zijitume zenyewe nikiwa Kariakoo nafunga mzigo. Nataka programu huria niiweke kwenye seva yangu. Nimekwama kati ya Postiz na Mixpost. Waliokwishaungua njooni.

Fundi wa Tandika
Umenitonesha kidonda. Nilikuwa na wateja watatu: saluni, mama wa keki na mwenye maturubai. Siku mbili kabla ya Idi nikakesha kupanga posti 38, kila moja na picha yake. Asubuhi ukurasa ukagoma kufunguka. Nikasema ngoja nizime kontena (kile kiboksi cha Docker programu inamoendeshwa), niwashe upya. Nilikuwa na amri niliyoinakili zamani, nikaibandika: docker compose down -v. Nikabonyeza enta huku namenya chungwa.

Ile -v wakuu inafuta na volyumu, yaani sehemu programu inapohifadhi data zake, na hifadhidata ya Postgres yenye posti zote ilikuwa humo humo. Kuwasha, programu inanikaribisha kama mgeni: fungua akaunti. Nikafungua, ndani peupe. Chungwa nikaliweka chini. Saa tatu mama wa keki akapiga: "Mwanangu, mbona kimya? Si ulisema inatoka saa mbili?" Nikamjibu, mama, mtandao unasumbua. Mungu anisamehe.

Binti Sinza
Hapo kwenye mtandao unasumbua nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mzee wa Seva
Unabandika amri usiyoijua halafu unaita kidonda? pg_dump kila usiku, yaani nakala ya hifadhidata, faili likae mashine nyingine. Kwisha.

Fundi wa Tandika
Mzee, mada ni uzoefu, si mahubiri. Wewe hujawahi kufuta kitu?

Mzee wa Seva
Nimewahi. Ila si msimu wa Idi.

Wa Mombasa
Yangu ni saa. Niliiacha programu kwenye UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele saa tatu. Tangazo la futari nikaliwekea 17:30, likatoka saa mbili unusu usiku. Watu washafuturu, wako taraweh. Sambusa tulikula wenyewe nyumbani siku mbili.

Binti Sinza
😂 Sambusa za UTC.

Kijana wa Kontena
Mleta mada, Mixpost ya bure inaishia Facebook, X na Mastodon. Instagram na TikTok ziko kwenye toleo la kulipia, ila unalipa mara moja. Postiz inazo bure, lakini funguo za API, yaani vibali vya kuposti kupitia programu, unajiombea mwenyewe kwa kusajili app yako kwenye kila mtandao. App yako isipokaguliwa na TikTok, video zinatoka za kuonwa na wewe tu. Nilijipongeza wiki nzima kumbe mtazamaji ni mimi.

Mleta mada
Nikiiweka kwenye laptop ya zamani hapa dukani?

Kijana wa Kontena
Instagram huja yenyewe kuchukua picha kwenye anwani yako. Ikiwa ya ndani tu haifiki. Chukua VPS, seva ya kukodi mtandaoni, RAM 4GB.

Mzee wa Seva
2GB yatosha kama si mvivu.

Kijana wa Kontena
Inaweza kumbana, usimdanganye mtu.

Binti Sinza
Fundi, mama wa keki je?

Fundi wa Tandika
Alinihama. Siku hizi anajipangia mwenyewe kwa simu, Meta Business Suite, bure. Juzi kanitumia picha ya keki, kaandika: imetoka saa mbili kamili.