Mama anatembea baada ya kiharusi ila mguu unaburuta: tumharakishe au tumwache?

Binti Tandika: Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61, mwaka huu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Namshukuru Mungu sasa anatembea kwa bakora. Shida ni mwendo. Mguu wa kulia hauinuki, anauzungusha kwa nje kama anafyeka majani. Ndala ya kulia imelika yote mbele, ya kushoto kama imetoka dukani jana. Kaka anataka tumkimbize, mjomba anasema aende polepole mpaka mguu unyooke wenyewe. Nyumbani hakukaliki. Tufanyeje?

Mzee wa Pwani: Pole sana binti yangu. Mchueni mafuta ya nazi ya moto asubuhi na jioni.

Fundi Viungo: Kazi yangu ni mazoezi tiba. Mzee, shikamoo, kuchua si vibaya, ila mafuta yasiwe ya moto. Upande huo huenda hausikii vizuri, ataungua bila kujua. Na mafuta hayafundishi mguu kutembea. Dada, ndala tupa, mtafutie kiatu chenye mkanda wa nyuma. Halafu acha kuangalia mguu mbovu, angalia ule mzima. Hatua yake ikoje?

Binti Tandika: Nimetoka kumwangalia sasa hivi koridoni. Ajabu, mguu mzima ndio wenye hatua fupi! Unawahi kutua kama mtu anayeogopa kuanguka.

Fundi Viungo: Hapo ndipo penye kesi. Mguu wa kulia hauaminiki kubeba uzito, kwa hiyo wa kushoto unakimbilia chini. Mkisubiri unyooke wenyewe mtasubiri sana. Asimame ameshika meza, wewe pembeni, apandishe mguu wa kushoto kwenye kigoda kifupi na kuushusha, taratibu. Pia mpime mita 10 kwa saa ya simu, mwendo wake wa kawaida, aanze kutembea kabla ya alama ya mwanzo.

Binti Tandika: Sekunde 31.

Fundi Viungo: Kama mita 0.32 kwa sekunde. Chini ya 0.4 mtu huishia ndani na uani. Akifika 0.8, yaani sekunde 12 na nusu, mtaani anakwenda. Kwa hiyo kaka ana hoja: kuongeza kasi kidogo hakuharibu mwendo, kwa wengine ndipo hatua zinalingana. Ila si kumvuta! Mpigieni makofi ya kufuata hatua zake, akizoea myaharakishe kidogo. Presha ipimwe kabla. Hospitali ulizieni kile kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo ili vidole visiburute.

Baba Wawili: Naongezea. Mzee wangu bega lilitoka kwa kunyanyuliwa kwa mkono uliopooza. Mfungeni khanga kiunoni, mshike hiyo. Kwenye ngazi, kupanda unatangulia mguu mzima, kushuka unatangulia mbovu.

Binti Tandika: Jamani, sisi tunamvuta mkono huohuo kila siku.

Binti Tandika: Mrejesho, wiki ya tatu: sekunde 26. Makofi kayakataa, anasema yeye si mtoto wa chekechea. Anatembea kwa taarabu ya redioni, kaka yuko nyuma kashika khanga. Mshika saa ni mjomba.